Makofi Yaliyojaza Diski

Mimi sikuwapo, na wewe hukuwapo, na tukiulizwa tujibu hivyo hivyo. Palikuwa na nchi. Jina lake silijui, na wewe kama unalijua, litafune ulimeze. Tuiite Nchi Ile. Ukiona mahali inafanana na nchi unayoifahamu, basi kosa ni la macho yako, nenda kapimwe miwani.

Katika Nchi Ile mtu hakuwapo kwa kuzaliwa tu. Kuzaliwa lilikuwa jambo la mama na mkunga wake. Kuwapo ilikuwa kazi ya Kompyuta Kuu, iliyokaa Ofisi Kuu ya Kumbukumbu, ghorofa ya pili, chumba namba tatu, chini ya feni. Kompyuta ikisema yupo, yupo. Ikisema hayupo, unaweza kusimama mbele ya karani ukalia, ukapiga chafya, ukamkanyaga hata mguu, naye atakutazama kwa huruma na kukwambia, "Pole sana, ndugu yangu, lakini hupo."

Chumba hicho kilikuwa cha Bi Shangwe Kiponda, mwanamke mwembamba wa miaka arobaini na sita, mchache wa maneno. Kazi yake ilikuwa kuhifadhi. Wakubwa waliamuru, yeye alibonyeza. Na walikuwa na sababu. Mashine ile ilikuwa na tabia mbaya: chini kabisa ya kila faili iliandika yenyewe, kwa herufi ndogo, jina la mtu aliyelihifadhi, na hakuna fundi aliyeweza kuikanya. Ndiyo maana vidole vya wakubwa havikuwahi kugusa kitufe. "Bi Shangwe, hebu bonyeza hapo," walisema, kisha wakarudi nyuma hatua mbili. Kwa miaka kumi na tisa kila jambo la Nchi Ile, jema na baya, liliishia na jina la mama huyo.

Kila asubuhi, kabla hata ya kuchemsha chai, Bi Shangwe alifungua folda ya Gereza la Mwambani na kushuka taratibu mpaka namba mia na kumi na nane. "Hizza Kiponda, mwalimu wa hesabu. Yupo." Akiisha kuisoma alifunga folda, akapumua, akaweka birika.

Hizza alikuwa mdogo wake, tumbo moja. Miaka minane nyuma alisimama mbele ya darasa la sita na kuwaambia watoto kwamba tisa mara nane ni sabini na mbili. Bahati mbaya, jana yake Mheshimiwa Sana alikuwa ametangaza katika hotuba kwamba ni sabini na tano. Hizza hakumtukana mtu. Alisema sabini na mbili tu, akaipigia mstari. Wakaja kumchukua chaki ikiwa bado mkononi. Hakushtakiwa, hakuhukumiwa, hakuruhusiwa kutembelewa. Kilichobaki kwa dada yake ni ule mstari mmoja.

Na mstari ule haukuwa maandishi matupu. Kila siku saa mbili asubuhi simu ililia, na upande wa pili alikuwa Bwana Tenende, mpishi wa Mwambani.

"Dada Shangwe, umeamkaje? Leo wangapi?"

"Salama, kaka Tenende. Mia tatu na kumi na wawili."

Basi Tenende alikwenda stoo akapimiwa vikombe mia tatu na kumi na viwili vya maharage, akayaloweka kwa ajili ya kesho yake. Katika Nchi Ile haikupata kupikwa sahani ya mtu asiyekuwapo. Ungeweza kuwa umekaa jikoni mwenyewe na bakuli mkononi. Kama orodha haikutaji, stoo haikupimii.

Wawili hao hawakuwahi kuonana. Bi Shangwe alimjua kwa sauti na kwa kelele za masufuria yake.

*

Mwaka ule ikatangazwa kwamba nchi inahamia Mfumo Mpya. Lo, watu walifurahi! Mfumo wa zamani ulikuwa umechoka, unakwama, unajifunga wenyewe, unameza vyeti vya watu. Ukaja ujumbe kwamba mpya una kasi, una usalama, na una rangi ya kijani.

Saa tatu kamili asubuhi Mheshimiwa Sana akajiuzulu kwa machozi. Saa tatu na nusu akaapishwa kiongozi mpya, aitwaye Mheshimiwa Sana Toleo la Pili. Pua ilikuwa ile ile na kikohozi kile kile, lakini kofia, ambayo zamani ilikuwa ya buluu, sasa ilikuwa ya kijani, na wachambuzi redioni walikubaliana kwamba hayo ni mageuzi makubwa. Waziri wa Njaa naye akaondolewa, akarudishwa jioni ile akiwa Waziri wa Shibe Ijayo.

Kompyuta Kuu nayo ikavishwa mfumo wake. Kwa siku tatu ilizungusha kiduara kidogo kwenye kioo, na katika siku hizo wananchi waliombwa wasizaliwe wala wasife mpaka mashine iamke. Ilipoamka kila kitu kilikuwa kama zamani, isipokuwa buluu ilikuwa kijani na kitufe cha kufunga kilikuwa kimehamia kushoto. Kisha ukatokea ujumbe, Bi Shangwe akausoma mara tatu.

"Mfumo wa awali umewekwa katika folda iitwayo ZAMANI kwa muda wa siku kumi, iwapo mtapenda kurudi. Folda hii ikifutwa, hairudi."

Hakuupenda. Akafungua ZAMANI, akateremka mpaka Mwambani, mpaka mia na kumi na nane. Yupo. Lakini alipotazama upande wa Mfumo Mpya, Gereza la Mwambani lilikuwa na sifuri moja, nono, imekaa katikati ya kioo. Birika siku ile likachemka mpaka maji yakakauka.

Mkubwa wake, Mheshimiwa Daktari Tumbwe, akaingia akichechemea. Alikuwa mtu wa vyeo saba na magoti mabovu.

"Bi Shangwe, hotuba ya kuapishwa imeshahifadhiwa?"

"Mashine imekataa, Mheshimiwa. Inasema nafasi ya diski haitoshi."

"Haitoshi kwa nani?"

"Kwa hotuba."

Daktari Tumbwe akatafuta kiti kwa mkono bila kukitazama, akakikosa.

*

Hapa nikueleze habari ya hotuba, maana usipoielewa utadhani watu wale walikuwa wajinga, kumbe walikuwa waoga tu.

Mheshimiwa Sana hakusoma hotuba zake mwenyewe. Koo lake lilikuwa mali ya taifa, halikupaswa kuchakaa. Aliyemsomea ni Msomaji Mkuu, Bwana Semvua, mwenye sauti nene kama pipa linalobingirika. Sheria ilisema kila penye kituo kikuu, yaani mwisho wa kila aya, watu wapige makofi dakika nzima. Ilisema pia kwamba anayeikatiza hotuba kabla ya neno la mwisho amekata pumzi ya Mheshimiwa, na adhabu yake ni ile ile ya mkata pumzi. Tena popote faili la hotuba lilipofunguliwa, hata kwa bahati mbaya, waliomo jengoni wote walipaswa kusimama na kupiga makofi hadi mwisho. Kwa hiyo hotuba ikishasomwa siku yake, hakuna mtu aliyeifungua tena. Zilikuwa elfu moja mia mbili na tatu, kila moja nakala saba, zimelala ndani ya diski, watu wanazikwepa kama mzinga wa nyuki.

Ikaundwa Tume ya Nafasi, mwenyekiti Daktari Tumbwe. Siku ya kwanza tume ilikunywa chai. Siku ya pili ilifuta picha moja ya mbuzi wa maonyesho ya kilimo. Lakini kila amri ya kufuta ilipaswa kuhifadhiwa kwa nakala saba, pamoja na sahihi na picha za waliosaini, na ilipopimwa jioni nafasi ilikuwa imepungua. Mbuzi mmoja alikuwa amezaa amri saba, na tume ikajipongeza kwa kuthubutu.

Siku ya tatu Fundi Kasembe akanyoosha mkono. Alikuwa mtu mzima, mpole, miwani yake imefungwa kwa uzi mweusi sikioni.

"Waheshimiwa, nimepima. Hotuba zenyewe ni maneno, hazili nafasi. Kinachojaza diski ni makofi. Kila hotuba imehifadhiwa na picha na sauti ya makofi yake yote, mara saba. Katika kila sehemu mia za diski, tisini na moja ni makofi. Tukifuta makofi hayo, basi..."

Hakumaliza. Mjumbe mmoja, kwa kujihami, akaanza kupiga makofi. Wa pili akamfuata. Kufumba na kufumbua tume nzima ilikuwa imesimama inapiga makofi ikimtazama Kasembe usoni, na katikati ya makofi hayo wakaingia watu wawili waliovaa vizuri, wakamshika mikono kwa adabu.

Kesho yake kiti chake hakikuwapo. Bi Shangwe akaandika jina la Kasembe kwenye Mfumo Mpya, na mashine ikajibu haraka, kwa kasi ile iliyosifiwa: "Hakuna mtu wa jina hilo." Chini ya meza aliokota kipande cha uzi mweusi. Akakitia kwenye mtoto wa meza, akafunga kwa ufunguo, na mchana ule hakuweza kula.

*

Habari zikafika juu. Mheshimiwa Sana Toleo la Pili alipoambiwa kwamba mashine inatoa siku kumi "iwapo mtapenda kurudi", akauliza swali moja tu: "Nani anapenda kurudi?"

Wote waliokuwapo wakaapa kwamba hawajui hata njia ya kurudia.

Amri ikatoka. Siku ya kumi ingekuwa Siku ya Nafasi, na ZAMANI ingefutwa hadharani, Uwanja wa Shukrani. Yaliyopita si ndwele, amri ikasema, tugange yajayo. Mwananchi anayetaka kuhamishwa kwenda Mfumo Mpya na aje mwenyewe, aweke dole gumba, aseme "Nipo." Basi ikawa foleni, bwana we! Ilianzia mlangoni ikapita posta, ikapita soko la nazi, ikazunguka kaburi la askari asiyejulikana, ambaye naye hakuhamishwa kwa sababu hakuja. Wazee waliletwa na vitanda. Bibi mmoja alisema "Nipo" akafariki pale pale, akaandikwa yupo mpaka leo.

Siku ya saba Bi Shangwe akajikaza, akaenda kwa Daktari Tumbwe.

"Mheshimiwa, na folda ya Mwambani?"

"Ina nini?"

"Watu mia tatu na kumi na wawili."

"Waje waweke dole gumba kama wenzao."

"Wako gerezani, Mheshimiwa."

Tumbwe akatabasamu kama mtu anayemweleza mgonjwa habari za dawa. "Bi Shangwe, Mfumo Mpya haukurithi mfungwa hata mmoja. Imetangazwa. Nchi za nje zimetuletea kadi za pongezi."

"Basi watafunguliwa?"

"Mama, tafadhali. Utamfunguaje mtu ambaye hakufungwa?"

"Na watakula nini?"

"Akina nani?"

Bi Shangwe akafungua mdomo. Akaona kile kiti cha Kasembe ambacho hakikuwapo. Akaufunga.

"Umeona sasa?" akasema Tumbwe kwa upole. "Hata wewe unashindwa kuwataja."

Bi Shangwe akaenda msalani, akalia kwa hasira, akanawa uso, akarudi mezani. Saa mbili ya asubuhi iliyofuata simu ikalia.

"Dada Shangwe, nimeletewa karatasi. Inasema kuanzia kesho niloweke sifuri. Mashine imekosea, siyo?"

"Haijakosea, kaka."

Masufuria yakanyamaza. "Lakini dada, hawa watu nawasikia kutoka hapa nilipo. Wanakohoa. Mtu asiyekuwapo anakohoaje?"

"Kaka Tenende, hebu niambie. Zaidi ya orodha, kuna karatasi gani nyingine unayoweza kupikia?"

"Mimi mtu mdogo. Bila orodha stoo hawanipimii hata chumvi." Akacheka kicheko kikavu. "Labda iwe hotuba. Hotuba ikisema, nani atapinga? Ikisema nipike mawe, stoo watanipimia mawe, na mimi nitayatia kitunguu."

Akacheka tena peke yake. Bi Shangwe alikuwa ameshaweka simu chini na kuvuta kiti.

*

Aliifanya kazi ile mchana kweupe, mlango wazi, feni inazunguka. Alinakili mistari yote mia tatu na kumi na miwili, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, akaipa kichwa cha habari: "Hotuba Namba 1204, Kuhusu Waliopo." Kisha akachukua fomu, akaenda kwa Tumbwe.

"Mheshimiwa, katika kusafisha ZAMANI nimekuta hotuba moja haijasajiliwa."

Uso wa Tumbwe ukawa wa rangi ya majivu. "Haijasajiliwa? Unamaanisha ilipotea? Chini ya uongozi wangu?"

"Ilikuwa imejificha, Mheshimiwa. Ukipenda niifungue hapa uihakiki. Ni ya saa tano na ushee."

Daktari Tumbwe akayatazama magoti yake. Saa tano, amesimama, anapiga makofi. Akatazama mlango, akatazama dirisha.

"Hotuba ya Mheshimiwa haihakikiwi na mtu wa kawaida," akasema, akapiga mhuri haraka haraka. "Isajili. Nakala saba. Na mtu yeyote asijue kwamba ilipata kupotea."

Nakala zikaenda zinakokwenda siku zote: moja Ikulu, moja redioni, moja jeshini, moja mashuleni, moja mahospitalini, moja magerezani ili itekelezwe, na moja ya kuliwa na panya. Bi Shangwe akabonyeza. Chini kabisa mashine ikaandika kwa herufi zake ndogo: "Imehifadhiwa na Shangwe Kiponda, chumba namba tatu."

Akalitazama jina lake kitambo. Nani atafika huku chini? Hakuna anayefungua hotuba. Akaweka birika, na kwa mara ya kwanza tangu Mfumo Mpya uje, chai ikapita kooni.

Siku ya tisa Tenende akapiga simu, sauti imekwaruka.

"Dada, hotuba imefika. Nimeifungua."

"Umeifungua, kaka!"

"Jikoni nilikuwa peke yangu. Nimesimama, nimepiga makofi kwa mwiko na sufuria kila kituo, mpaka mwisho. Dada yangu, nimesikia hotuba nyingi katika maisha yangu, lakini hii..." Akapenga kamasi. "Ni hotuba nzuri sana. Nitaitekeleza neno kwa neno. Stoo nimewaonyesha mhuri, wamepima bila kupumua."

"Ahsante, kaka."

"Umefika mpaka chini lakini, dada? Umeona kilichoandikwa chini?"

"Nimeona," akasema Bi Shangwe.

*

Siku ya Nafasi ilipambazuka na bendera za kijani. Uwanja wa Shukrani ulijaa, kwa kuwa mlango wa kutokea ulifungwa. Jukwaani alikaa Mheshimiwa Sana Toleo la Pili, na mbele yake meza yenye kitufe kimoja kilichofunikwa kitambaa. Kamera zote zilielekezwa kwa watu, kuyahifadhi makofi.

"Bi Shangwe, hebu bonyeza hapo," wakasema wakubwa, wakarudi nyuma hatua mbili.

Akabonyeza. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, kikatulia. ZAMANI haikuwapo. Kioo kikubwa cha uwanjani kikaandika: "Nafasi imepatikana." Watu wakashangilia kwa dakika nne, makofi yakarekodiwa kwa nakala saba, kioo kikaandika: "Nafasi haitoshi." Fundi aliyekuwa karibu akakitupia kitambaa.

Ndipo Daktari Tumbwe akasogea kwenye kipaza sauti, uso umejaa furaha. "Ndugu wananchi! Wako maadui wanaosema kwamba tumefuta mambo ya maana. Kuwajibu, leo tutasoma hotuba ambayo sikio la binadamu halijapata kuisikia. Katika daftari zima imepatikana moja tu ya namna hiyo, nayo ni Namba 1204!" Akamgeukia Bi Shangwe, akamnong'oneza, "Nimewaambia Ikulu kwamba ni wewe uliyeigundua. Kesho utapata nishani."

Bi Shangwe akamsogelea. "Mheshimiwa, ile ni ndefu mno. Jua hili..."

"Ndefu ndiyo nzuri, mama."

Mheshimiwa Sana mwenyewe alikunja uso kidogo. Hakuikumbuka hotuba ile. Lakini kiongozi anayejua yote hawezi kuuliza ameandika nini, kwa hiyo akatikisa kichwa kukubali, na kamera zikakinasa kichwa kikitikiswa.

Bwana Semvua akafungua karatasi, akakohoa, pipa likaanza kubingirika.

"Namba moja. Mwanaidi Shekuwe, muuza vitumbua. Yupo."

Akasita. Palikuwa na kituo. Watu wakapiga makofi dakika moja, kama kawaida. Semvua akageuza macho jukwaani, Tumbwe akageuza macho kwa Semvua, Mheshimiwa akatazama mbele. Kuikatiza hotuba ni kukata pumzi. Semvua akarudi kwenye karatasi.

"Namba mbili. Kondo Mlekwa, dereva wa kivuko. Yupo."

Makofi. Yakaendelea hivyo hadi kumi, hadi ishirini. Watu walianza kutazamana. Kwenye thelathini na nne, "Ulimwengu Chambo, mpiga picha. Yupo," mzee mmoja nyuma kabisa akapiga ukelele, "Mwanangu huyo! Jamani, ni mwanangu!" Askari wakamkimbilia. Wakamkuta anapiga makofi. Sasa utamkamata vipi mtu anayempigia makofi Mheshimiwa? Wakabaki wamesimama kando yake, nao wakaanza kupiga.

Toka hapo makofi yakabadilika. Hayakuishia tena dakika moja. Kila jina lililotajwa, mahali fulani katika umati mtu alianguka, wengine wakamwinua, wote wakapiga makofi huku machozi yanawatiririka, mpaka viganja vikawa vyekundu. Muuza uji alimsikia mumewe. Karani wa posta alimsikia binti yake, ambaye kwa miaka sita majirani walikuwa wakiambiwa kwamba amesafiri. Na Mheshimiwa Sana Toleo la Pili alipiga makofi pamoja nao, maana sheria ilikuwa yake. Hakuweza kusema hotuba si yake. Ilikuwa na mhuri, imo daftarini, na kichwa chake kilikuwa kimetikisika mbele ya kamera kumi na nne. Alipiga tu, macho yamemtoka, kofia ya kijani imemwinamia.

"Namba mia na kumi na nane. Hizza Kiponda, mwalimu wa hesabu. Yupo."

Bi Shangwe alipiga makofi yake polepole. Alikuwa na furaha, na alikuwa na hofu, na hakujua ipi inamtoa machozi. Miaka minane hakuwahi kulisikia jina lile likitamkwa na mtu mwingine kwa sauti.

Jua lilikuwa limeanza kulala ubavu Semvua alipofika mia tatu na kumi na mbili. Watu wakadhani imekwisha. Lakini Semvua alikuwa msomaji, na msomaji husoma kilichopo. Akaisogeza karatasi karibu na macho kwa sababu herufi za mwisho zilikuwa ndogo.

"Imehifadhiwa na Shangwe Kiponda, chumba namba tatu."

Na mdomo wake, uliokuwa umelizoea neno lile kwa zaidi ya saa tano, ukajiendea wenyewe:

"Yupo."

Makofi yakapigwa. Nyuso zote jukwaani zilimgeukia Bi Shangwe. Daktari Tumbwe akarudi nyuma hatua mbili.

*

Hakuna aliyemgusa. Alitembea kwa miguu mpaka nyumbani, na njiani watu walimpisha, wanaume wakavua kofia. Mtaani kwake, kwenye kioski cha jirani, watu wawili waliovaa vizuri walikuwa wanakunywa soda taratibu sana, kama watu wenye muda wa kutosha. Aliwaamkia, wakaitikia kwa adabu. Akaingia ndani, akapiga pasi gauni lake la kahawia, akakunja na la pili, akampelekea jirani kuku wake wawili na mfuko wa pumba.

Kule Mwambani, Bwana Tenende alikuwa ameisikiliza redio mpaka neno la mwisho. Maharage, kama unavyojua, hulowekwa jana yake. Alikwenda stoo, akapimiwa vikombe mia tatu na kumi na viwili. Stoo wakafunga gunia. Tenende hakuondoka. Alisimama na bakuli lake, akajifuta macho kwa pindo la aproni.

"Nisamehe, dada yangu," akasema. Kisha akawaambia wa stoo, "Ongezeni kimoja. Hotuba ni hotuba."

Asubuhi sahani zilipangwa kwenye meza ndefu, moja moja, mvuke unatoka. Mwalimu Hizza Kiponda alikuwa na mazoea: kila siku, kabla ya kula, alizihesabu sahani zote ili akili yake isisahau namba. Siku ile alihesabu kuanzia mlangoni, akakunja uso. Akarudia kuanzia mwisho wa meza. Akasogea kwenye dirisha la jiko.

"Mpishi, samahani. Leo umekosea. Hesabu yako imezidi moja."

Tenende hakuinua macho kutoka kwenye sufuria.

"Haijazidi, Mwalimu."

Nje lilisikika gari likizimwa. Hizza akageuka kutazama geti, lililokuwa limeanza kufunguliwa.